Kijerumani cha Bwenini

Rehema: Kaka Juma, nikikuuliza "Du geht wo?" utanielewa?

Juma: Nitakuelewa, lakini Kijerumani nilichosoma mimi hakiko hivyo. "Wo" inatangulia, halafu kitenzi kinabadilika ili kilingane na "du", kinakuwa "gehst". Mwalimu wangu angepiga mstari mwekundu hapo.

Rehema: Na angekosea, kwa sababu hakuna kosa. Hiyo ni Unserdeutsch, yaani "Kijerumani chetu", krioli, yaani lugha mpya iliyozaliwa kutokana na lugha kuchanganyika, na ndiyo pekee inayojulikana iliyojengwa kwa maneno ya Kijerumani. Sasa sikia sentensi hiyohiyo kwa Tok Pisin, lugha kubwa ya mawasiliano ya Papua New Guinea, ambayo maneno yake mengi yametoka kwenye Kiingereza: "Yu go we?" Halafu iseme kwa Kiswahili.

Juma: Unaenda wapi? Aisee, swali liko mwisho kote!

Rehema: Umeona! Maneno ni ya Kijerumani, lakini yamepangwa kwa mtindo wa Tok Pisin. Chukua neno nyumba. Mjerumani anasema "Haus", zikiwa nyingi "Häuser", neno lenyewe linageuka. Tok Pisin wanasema "ol haus", na hiyo "ol" ni "all" ya Kiingereza. Unserdeutsch nayo inatanguliza "alle": "alle haus". Basi, wingi umepatikana.

Juma: Na der, die, das, zile zinazotangulia nomino kufuatana na jinsia yake? Zilinitesa sana.

Rehema: Hazipo. Ni "de" tu kwa kila kitu.

Juma: Nani aliyeitunga?

Rehema: Watoto. Wajerumani walianza kutawala upande wa kaskazini-mashariki wa Papua New Guinea ya leo mwaka 1884. Kwenye kisiwa cha New Britain, karibu na Rabaul, kuna misheni ya Vunapope. Wamisionari Wakatoliki wa Moyo Mtakatifu walianza kulea huko watoto machotara, mama mwenyeji, baba Mzungu au Mwasia. Wengi waliondolewa kwa mama zao wakiwa wadogo. Darasani walitakiwa waseme Kijerumani sanifu, Tok Pisin ikakatazwa. Lakini jioni wakirudi bwenini, wako peke yao, ndipo walipozungumza kwa namna yao.

Juma: Hapo panauma, dada. Mtoto katolewa kwa mama, na lugha aliyoizoea amenyang'anywa.

Rehema: Ndiyo maana nakasirika mtu akisema walikivunja Kijerumani. Hata baadhi ya wazungumzaji waliiita Kaputtene Deutsch, Kijerumani kilichovunjika, kwa sababu ndivyo walivyozoeshwa kuiona. Lakini walikua, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao wakaipokea kama lugha ya nyumbani. Mwaka 1914 Waaustralia wakaliteka eneo, Kiingereza nacho kikaingia moja kwa moja, ila nyumbani lugha iliendelea.

Juma: Inanikumbusha Emil Schwörer. Mwaka 1916 alichapisha pendekezo la Kolonial-Deutsch, Kijerumani kilichorahisishwa kwa makusudi, chenye maneno machache, wenyeji wa makoloni wakitumie. Alikaa akakipanga vizuri kabisa mezani.

Rehema: Na hakuna aliyekizungumza. Vita viliisha, makoloni yakaondoka mikononi mwa Ujerumani.

Juma: Huku kwetu Wajerumani wenyewe walikuwa wanaendesha mambo mengi kwa Kiswahili. Tanga kulikuwa na shule ya serikali, na gazeti la Kiongozi likatoka huko kwa Kiswahili. Wao wakatuachia "shule", na "hela", iliyotokana na sarafu ya Heller.

Rehema: Tofauti naiona kwenye shabaha. Schwörer alitaka lugha ya kupokea amri. Watoto wa Vunapope walitaka lugha ya kunong'onezana taa zikizimwa.

Juma: Dunia iliijuaje?

Rehema: Kwa kuchelewa mno. Papua New Guinea ilipata uhuru mwaka 1975, na familia nyingi za wazungumzaji zilihamia Australia, hasa Queensland. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Craig Volker, aliyekuwa akifundisha Kijerumani huko, alikutana na mwanafunzi ambaye kwao walizungumza Kijerumani cha ajabu. Alisikiliza vizuri. Angeweza kusahihisha tu na kuendelea na somo, nasi tusingejua lolote. Kuanzia mwaka 2014 mwanaisimu Péter Maitz na wenzake wamekuwa wakiwarekodi wazungumzaji.

Juma: Wamebaki wangapi?

Rehema: Walihesabiwa kama 100 hivi, karibu wote wazee.

Juma: Na wajukuu?

Rehema: Kiingereza. Bibi anaongea na dada yake kwa Unserdeutsch, akimgeukia mjukuu anabadilisha. Kwa hiyo kila mzee anayekaa mbele ya kinasa sauti anazungumza lugha ambayo chini ya paa lake huenda hana wa kuzungumza naye.

Juma: Labda yule dada yake tu.

Rehema: Kama bado yupo.