Jinsi ya Kupata Maduka ya Vitabu vya Kiingereza Jijini Paris

Karibu, mtazamaji. Video hii nimeiandaa kwa ajili yako uliyefika Paris kwa masomo, kazi au matembezi, ambaye Kifaransa chako bado hakijafikia kiwango cha kusoma riwaya, na sasa unatafuta kitabu cha Kiingereza. Wageni wengi huandika jina la duka moja maarufu kwenye simu, wakapanga foleni mlangoni, wakanunua kitabu kimoja na kudhani kwamba mambo yameishia hapo. Ukweli ni kwamba maduka ya aina hii yapo kadhaa, na mengi yako katika sehemu mbili ambazo unaweza kuzizunguka kwa miguu.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Andika maneno "librairie anglophone", yaani duka la vitabu vya Kiingereza, kwa sababu ukiandika kwa Kiingereza utaletewa zaidi yale maduka yanayopendwa na watalii. Angalia kisha msimbo wa posta wa kila duka. Misimbo ya Paris huanza na 75, na tarakimu mbili za mwisho ni namba ya wilaya, kwa hiyo 75005 ni wilaya ya 5 na 75006 ni ya 6. Ukishayapanga maduka kwa namba hizo, utaona mwenyewe yapi yako jirani. Hakikisha pia siku za kufungua, maana maduka madogo mengi hufungwa Jumapili, na baadhi yake hata Jumatatu asubuhi.

Hatua ya pili ni kujua kusoma mitaa. Kama mnavyoona kwenye picha hii, kila kona ina kibao cha buluu chenye jina la mtaa, na juu ya jina imeandikwa namba ya wilaya. Mitaa inayoelekea mto Seine au kutoka mtoni huanza kuhesabiwa upande wa mtoni, na ile inayokwenda sambamba na mto huhesabiwa kufuata maji yanakoelekea, yaani kutoka mashariki kwenda magharibi. Namba shufwa ziko upande mmoja, witiri upande wa pili. Ukilijua hilo, hata simu ikizima chaji hutapotea.

Sasa twende wilaya ya 5. Shuka kituo cha metro cha Saint-Michel, mstari wa 4, ufuate mto kuelekea kanisa la Notre-Dame hadi rue de la Bûcherie, namba 37. Hapo ndipo lilipo duka la Shakespeare and Company, ambalo George Whitman alilifungua mwaka 1951 kwa jina la Le Mistral, akalibadilisha jina mwaka 1964 kumuenzi Sylvia Beach, Mmarekani aliyekuwa na duka la jina hilo hapa Paris kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vitabu vya ghorofa ya juu ni vya kusomea humo humo, haviuzwi. Vya kuuzwa viko chini. Ukilipia, omba kitabu kigongwe muhuri wa duka. Kwa maoni yangu duka hili lafaa sana kutazamwa, lakini kama haja yako ni kuchagua vitabu kwa utulivu, nenda asubuhi mara tu linapofunguliwa, au endelea mbele pamoja nami.

Vuka rue Saint-Jacques, pita karibu na kanisa la Saint-Séverin, uingie rue de la Parcheminerie, mtaa mwembamba ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Namba 29 ni Abbey Bookshop, duka la Kikanada lililoanza mwaka 1989. Kamera inapata tabu kuonyesha ndani, kwa sababu nafasi ya kupita inatosha mtu mmoja tu: rafu zimefika darini, na vitabu vimepangwa safu mbele ya safu hata vilivyo nyuma havionekani. Usijaribu kuvumbua peke yako. Mtajie mwenye duka jina la mwandishi, naye atakuonyesha mahali pa kutazama.

Kutoka hapo tembea kuelekea mtaa wa Odéon, katika wilaya ya 6. Kwenye rue Monsieur le Prince, namba 17, kuna San Francisco Book Company, linalouza vitabu vilivyotumika. Hapa ndipo mfuko mwembamba hupumua. Tofauti ya bei ina sababu yake: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1981 inaelekeza kwamba bei ya kitabu kipya ipangwe na mchapishaji, au na mwingizaji kama kimetoka nje, na muuzaji haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Kuomba upunguziwe kitabu kipya ni kumsumbua muuzaji bure. Kilichotumika hakibanwi na sheria hiyo.

Sehemu ya pili ni rue de Rivoli, upande wa pili wa mto, chini ya matao yanayotazama bustani ya Tuileries. Galignani liko namba 224, na limekuwa katika mtaa huo tangu mwaka 1856; Smith & Son liko namba 248, karibu na kituo cha Concorde. Namba zote mbili ni shufwa, hivyo huna haja ya kuvuka barabara. Vitabu vipya vya watoto na majarida ya Uingereza vitafute Smith & Son.

Jambo moja la kuangalia ukiingia duka la kawaida la Kifaransa: rafu iliyoandikwa "littérature étrangère" ina waandishi wa nje waliotafsiriwa kwa Kifaransa. Ukimtafuta Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, hapo utampata kwa Kifaransa, ingawa yeye huandika kwa Kiingereza. Uliza rafu ya "V.O.", yaani vitabu katika lugha vilivyoandikiwa. Kabla ya kuuliza, sema "bonjour". Mtu aliyelelewa Uswahilini hahitaji kufundishwa kwamba salamu hutangulia haja.

Hatua ya mwisho ni masanduku ya kijani ya wauza vitabu kando ya mto, ambako Kiingereza kimechanganyika na Kifaransa bila mpangilio. Angalia migongo ya vitabu. Maandishi ya mgongo wa kitabu cha Kifaransa kwa kawaida hupanda kutoka chini kwenda juu, na ya Kiingereza huteremka. Inamisha kichwa upande wa kulia, tembea polepole mbele ya sanduku, na majina yatakayosomeka bila kujipinda ndiyo ya kuyatoa kwanza. Fungua kurasa za mwanzo, kwani mara nyingi bei huandikwa hapo kwa penseli, na uwe na sarafu mkononi, kwa maana si kila muuzaji wa mtoni anapokea kadi.