Nani Anaupima Mkono wa Daktari?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru kuona kina mama wamekuja na watoto wao, maana haya mambo ya shule za udaktari hapa Marekani mara nyingi mtoto anayabeba peke yake, na mzazi anabaki kulipa bila kujua analipia nini.

Siku nilipomaliza chuo nilimpigia shangazi yangu Tanga. Nikamwambia, shangazi, nimehitimu, sasa nyuma ya jina langu kuna herufi mbili, DO. Akauliza maana yake. Nikamweleza kwamba ni daktari wa osteopathia, anatibu magonjwa yote, na pia amefunzwa kutibu kwa mikono. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, hao si ndio wale wa kuchua?"

Sikuona vibaya. Kwetu mtu akiteguka mguu hupelekwa kwa bibi mwenye mafuta ya nazi na vidole vinavyojua mshipa ulipokaa, na bibi huyo ana heshima yake mtaani. Lakini shangazi alikuwa ameuliza bila kujua swali ambalo Marekani nzima ilibishana juu yake kwa karibu miaka 100: huyu mtu ni daktari, au ni mchuaji? Jibu halikutoka kwenye mahubiri wala magazeti. Lilitoka kwenye sheria za majimbo na vyumba vya mitihani, na ndiyo sababu leo nataka tuongee mitihani.

Mwanzilishi wa osteopathia ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa Virginia mwaka 1828. Alikuwa daktari wa mipakani, wakati dawa zenyewe zilikuwa zebaki, afyuni na pombe. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na yeye, daktari, akiwa amesimama kando ya vitanda vyao. Mzazi yeyote aliyemo humu anaelewa jambo kama hilo linaweza kumfanya mtu nini. Miaka kumi baadaye, 1874, alitangaza njia yake mpya, na mwaka 1892 akafungua shule ya kwanza huko Kirksville, Missouri. Wanawake walikuwamo tangu darasa la kwanza.

Vermont ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa leseni madaktari wa DO, mwaka 1896. Jimbo la mwisho kuwakubali kikamilifu, Mississippi, lilifika 1973. Pigeni hesabu wenyewe. Katika nchi hii leseni ya udaktari haitolewi na serikali kuu, inatolewa na jimbo. Kwa hiyo vita moja ilibidi ipiganwe mara 50. Daktari alikuwa daktari upande huu wa mto, akivuka daraja anakuwa mtu wa kawaida. Chama kikuu cha madaktari wenye MD, ile shahada ya udaktari iliyozoeleka, kiliwahesabu kama kundi la imani potofu, na mwanachama wake kushirikiana na DO kulihesabiwa kosa la maadili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi halikuwachukua kama madaktari. Wakabaki nyumbani wakitibu familia za walioenda vitani, na familia hizo hazikuwasahau. Jeshi lilifungua mlango mwaka 1966 tu.

Hapa nataka tukae kidogo California, kwa sababu kisa hiki kila nikikisimulia bado kinanigusa. Mwaka 1962 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha sheria ya kusimamisha leseni mpya za DO. Waliokuwepo tayari walipewa nafasi: lipa dola 65, hudhuria semina fupi, uondoke na MD. Takriban 2,000 walikubali. Chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa kuwa chuo cha MD. Fikirini. Mtu aliyeitwa mwenye imani potofu siku ya Ijumaa, Jumatatu ni daktari kamili, na kilichobadilika ni risiti ya dola 65. Elimu ni ileile, mikono ni ileile, wagonjwa ni walewale. Wale waliokataa, nao walikuwepo, walikataa kuuza jina lao. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California ikaamuru leseni za DO zianze kutolewa tena. Nikimsikia mtu anawalaumu wale waliolipa, namwambia walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini nikila kiapo changu niliwakumbuka waliokataa.

Sasa, mtu akifungiwa mlango ana mambo mawili ya kufanya: agonge hadi mkono uvimbe, au ajenge mlango wake. Osteopathia walifanya yote mawili. Mwaka 1934 waliunda bodi yao ya kitaifa ya mitihani, ile ambayo leo inaitwa NBOME. Mtihani wa leseni tunaoujua sasa, COMLEX, uliingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1990. Ngazi ya Kwanza unaifanya kwa kawaida ukimaliza mwaka wa pili wa chuo: sayansi za msingi, siku nzima mbele ya kompyuta, maswali zaidi ya 300. Ngazi ya Pili inakuja baada ya kuzunguka wodini. Ngazi ya Tatu ni ya siku mbili, unaifanya ukiwa tayari umehitimu na umeanza mafunzo hospitalini. Humo mna moyo, figo, wajawazito, watoto, akili, kila kitu, na ndani yake mna maswali ya tiba ya mikono ambayo mwenzako wa MD hataulizwa. Ukifaulu zote tatu, na ukitimiza muda wa mafunzo ambao jimbo lako linataka, mwaka mmoja kwa baadhi ya majimbo hadi mitatu kwa mengine, unaomba leseni. Majimbo yote 50 yanaikubali COMLEX. Hili wazazi lishikeni: mtoto wako hahitaji mtihani mwingine ili awe daktari kisheria.

Nimesema mtihani mwingine kwa sababu najua kinachowanyima vijana usingizi. Wenye MD wana wao, USMLE, na wanafunzi wengi wa DO wanaifanya yote miwili. Wanasoma silabasi mbili kwa pamoja na kulipa ada mara mbili, na kila mtihani mmoja ada yake inapita dola 600. Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya wanaochagua madaktari wa kwenda kwenye mafunzo ya ubingwa hawajui kuisoma alama ya COMLEX, au hawataki kujifunza. Nasema wazi kwamba hili si haki. Tangu mwaka 2022 Ngazi ya Kwanza na mwenzake wa upande wa USMLE zote zinatoa jibu moja tu, umefaulu au hukufaulu, na wengi tulitumaini mzigo ungepungua. Uzito ulihamia ngazi ya pili. Kijana anayetaka upasuaji wa ubongo au ngozi, siwezi kumwambia aache USMLE, nitakuwa namdanganya. Lakini anayetaka udaktari wa familia, watoto au magonjwa ya ndani, kwanza aangalie programu anazozitaka zinadai nini. Wengi huufanya mtihani wa pili kwa woga tu, kwa sababu rafiki yake ameufanya.

Sasa nifike kwenye mkono.

Kulikuwa na sehemu moja zaidi ya Ngazi ya Pili, ilianza 2004. Hiyo haikuwa ya kompyuta. Unasafiri hadi kituo cha mtihani karibu na Philadelphia, baadaye kikaongezwa cha Chicago, unakutana na wagonjwa 12 wa kuigiza, mmoja baada ya mwingine. Una dakika 14 na kila mmoja. Msikilize, mpime, mguse, mweleze, kisha utoke ukaandike. Ada yake ilipita dola 1,000, bila nauli na hoteli. Nilikopa ili niende. Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa mama aliyeigiza maumivu ya mgongo, na nilipoweka viganja kwenye kiuno chake nikamsikia akishusha pumzi. Alikuwa anaigiza, najua. Lakini mikono yangu ilikuwa inapimwa na mtu, si na mashine, na hiyo ndiyo mara moja tu katika safari yangu yote ya leseni.

Korona ilipoingia 2020, mtihani huo ulisimamishwa. USMLE walifuta wa kwao mapema 2021, na NBOME wakaufuta huu kabisa 2022. Siku hizi mkuu wa chuo ndiye anayethibitisha kwa maandishi kwamba mwanafunzi wake ana ujuzi wa kumhudumia mgonjwa. Wanafunzi walishangilia, na kwa upande wa pesa nawaelewa, mimi mwenyewe deni lile nililibeba. Lakini moyo wangu haujatulia. Taaluma iliyoanza na mtu aliyeamini mikono yake, inayowafundisha wanafunzi tiba ya mikono kwa takriban saa 200, haina tena mtihani wa kitaifa unaoitazama mikono hiyo. Chuo kinamthibitisha mtoto wake mwenyewe. Ningependa urudi, uwe karibu na walipo wanafunzi, na uwe wa bei ambayo mtoto wa dereva wa lori anaweza kulipa.

Kuhusu ubingwa nitakuwa mfupi, ila msichanganye. Leseni ni ruhusa ya jimbo: unaweza kutibu. Cheti cha ubingwa ni wenzako wa fani moja wanaosema: tumempima, kazi yake anaijua. Bila cheti hicho sheria haikufungi, lakini hospitali nyingi hazitakupa nafasi na kampuni za bima zitakusumbua. Kuna milango miwili. Mmoja ni wa bodi 24 zilizo chini ya ABMS, muungano wa bodi za ubingwa ulioanza 1933. Mwingine ni bodi za osteopathia zilizo chini ya AOA, chama cha madaktari wa osteopathia wa Marekani, tangu 1939. Zamani mafunzo ya ubingwa yenyewe yalikuwa ya njia mbili, lakini kati ya 2015 na 2020 yakaunganishwa chini ya msimamizi mmoja, kwa hiyo leo DO akimaliza anachagua mlango. Vyote viwili vinahitaji kuhuishwa, cheti si cha kutundikwa ukutani maisha yote.

Mzee pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza, na nilimwahidi jibu. Binti yake yuko mwaka wa tatu, anataka siku moja akafanye kazi Mombasa. Je, atatambulika?

Mzee wangu, tatizo liko kwenye jina. Uingereza, kwa mfano, osteopathi ni mtaalamu wa viungo tu, ana sheria yake ya mwaka 1993 na baraza lake, na si daktari wa kuandika dawa wala kupasua. Mtu wa ofisini akiona neno hilo anaweza kumweka binti yako kwenye faili hilo. Wakati huohuo hapa Marekani zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari wanasoma vyuo vya DO, na marais wawili waliofuatana, Trump katika muhula wake wa kwanza na Biden, walitibiwa na madaktari wenye DO. Kwa hiyo asitume cheti cha shahada peke yake. Aambatanishe matokeo ya masomo yote, alama za COMLEX, leseni ya jimbo na cheti cha ubingwa, na barua ya chuo inayoeleza kwamba shahada hii inampa haki kamili ya kutibu, kuandika dawa na kupasua. Awaandikie Baraza la Madaktari la Kenya moja kwa moja, na ajibiwe kwa maandishi kabla hajakata tiketi.