Rangi iache mwisho: maongezi na wanaoanza dizaini ya websaiti

Haya tuanze, nasikika huko nyuma? Sawa. Mimi uchoraji sijasomea, naomba niliseme hilo mapema. Nilianza kama mtu wa kuandika programu tu na kwa muda mrefu niliamini dizaini ni kipaji, yaani kuna watu wamezaliwa na jicho na sisi wengine tumezaliwa na vidole vya kubonyeza kibodi basi. Baadaye sana ndo nikagundua sehemu kubwa ya hii kazi inafundishika, na hiyo inayofundishika ndo ile ile ambayo sisi tukianza tunairuka, tunakimbilia rangi.

Semeni ukweli, ukianza websaiti mpya kitu cha kwanza unafanya nini? (Wanacheka.) Eeh, unafungua paleti, lile boksi la kuchagulia rangi. Kompyuta inakupa nyekundu ngazi 256, kijani 256, bluu 256, zidisha mwenyewe uone, ni rangi zaidi ya milioni 16, afu unakaa masaa mawili unatafuta bluu inayoendana na roho yako. Leo nawaomba rangi muiache mpaka mwisho kabisa. Tengeneza ukurasa wote kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Kama haueleweki hivyo, ukiupaka rangi utakuwa haueleweki vile vile, ila sasa hutajua kwa nini.

Bila rangi unabaki na ukubwa, unene wa herufi, na nafasi. Kwenye nafasi ndo nataka tukae.

Niwape kisa changu. Niliwahi kutengeneza fomu ya kujiandikisha, ina sehemu kama kumi hivi na kila kisanduku kina lebo yake juu, jina, namba ya simu, barua pepe. Nikaweka umbali ule ule kila mahali, pikseli 16 (pikseli ni zile nukta ndogo tunazopimia kwenye skrini) kutoka lebo mpaka kisanduku chake, pikseli 16 tena kutoka hicho kisanduku mpaka lebo inayofuata, nikajiona nimepanga vizuri maana kila kitu kiko sawasawa. Watu wakaanza kujaza namba ya simu kwenye barua pepe, barua pepe kwenye anwani, na mimi nikawa nalalamika kwamba watu hawasomi siku hizi. Wanasoma jamani! Lebo ilikuwa imesimama katikati ya visanduku viwili haijulikani ni ya huyu au ya yule. Kurekebisha haikufika dakika kumi, lebo nikaisogeza ikawa pikseli 4 tu juu ya kisanduku chake, na kati ya sehemu na sehemu nikaacha 24. Neno hata moja sikubadilisha, na malalamiko yakakata.

Na hili jambo limejulikana kabla ya kompyuta. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer, akiwa Ujerumani, alichapisha makala yenye michoro ya nukta nukta akionyesha kwamba nukta zikikaribiana jicho linazifanya kundi moja lenyewe, halisubiri kuambiwa. Zinazofanana pia linaziweka pamoja. Kwa hiyo unapoacha nafasi unakuwa unaongea na mtu, unamwambia hawa ndugu, hawa majirani, yule pale mgeni. Mimi ninachoshika ni kwamba nafasi ya ndani ya kundi iwe ndogo kuliko ya nje ya kundi. Nendeni mkaangalie vichwa vya habari kwenye kurasa zenu, utakuta kichwa kinaelea katikati ya aya iliyoisha na aya inayoanza, kisogeze chini karibu na aya yake. Wengi tunatumia hatua za 8, yaani 8, 16, 24, 32, hiyo namba haina uchawi wowote, inakuzuia tu usiweke 13 hapa na 17 kule afu unashangaa mbona ukurasa umekaa kama umelewa.

Maandishi nitapita haraka. Brauza, yaani programu za kufungulia websaiti, kwa kawaida herufi zinaanza na pikseli 16, kwa aya ndefu usishuke chini ya hapo, wala sijui unataka kuokoa nini. Mstari uwe na herufi kama 45 mpaka 75, ukirefuka zaidi jicho likirudi kushoto linapotea, linasoma mstari ule ule mara mbili, na kwenye skrini pana hili ndo ugonjwa mkubwa. Umbali wa kutoka mstari mmoja mpaka wa chini yake jaribu mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Fonti, yaani mtindo wa herufi, moja inatosha, mbili sawa, ya tatu uje uniombe ruhusa. Na msidharau za zamani, fonti za Verdana na Georgia zilichorwa na Matthew Carter, mchoraji wa herufi, miaka ya 90 makusudi kwa ajili ya skrini, enzi hizo skrini zenyewe mbovu, na mpaka leo zinasomeka vizuri tu.

Kaka pale anauliza, nitajuaje kipi kiwe kikubwa? Umeniwahi. Mtu amekuja kwenye ukurasa wako kufanya nini? Taja kimoja. Ukikuza vitano kwa pamoja ni kama watu watano wanakuongelesha kwa mpigo, humsikii hata mmoja. Sasa mteja atakwambia logo iwe kubwa, na namba ya simu nayo, na picha, na tangazo. Usibishane naye, muulize tu, tukipunguze kipi ili hicho kionekane? Maana mara nyingi kitu hakihitaji kukuzwa, kinahitaji majirani zake wanyamaze. Batani ya muhimu ijae rangi, ya pili iwe na mstari pembeni tu, ya tatu iwe maandishi ya kawaida, na wala hujagusa ukubwa.

Afu kuna huu ugonjwa wa kijivu hafifu. Inaonekana maridadi, nakubali, ila haisomeki. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ule wa WCAG wa kufanya websaiti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma yake, yakiwa makubwa 3 kwa 1 inatosha. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu chenye kodi ya rangi #777777 juu ya nyeupe kinapata 4.48, kimefeli! #767676 kinapita. Kwa macho mimi hizo mbili siwezi kuzitofautisha, ndo maana napima, vifaa vya kupimia vipo bure. Na kumbuka wewe unadizaini ndani kwenye kivuli na skrini safi, mwenzako yuko juani na simu ya kioo kilichopasuka.

Rangi sasa, maana naona mnaisubiri. Chagua moja, itumie kwa vitu vya kubonyeza, zingine zote kijivu za ngazi tofauti. Kwenye makosa weka nyekundu lakini andika na neno, kuna watu nyekundu na kijani hawazitofautishi, wengi wao wanaume, na wengine hata hawajijui. Nimemaliza rangi.

Hebu kila mmoja afungue ukurasa wake. Sogeza kiti nyuma kidogo, fumba macho nusu mpaka maandishi yawe ukungu. Kinachobaki kuonekana ndo mgeni wako anakiona kwanza. Dada wa mbele, umeona nini? Picha ya kompyuta juu ya meza. Na websaiti yako ni ya nini? (Anajibu, watu wanacheka.) Masomo ya gitaa. Haya njoo na hiyo kompyuta hapa mbele, tunaanza na wewe.