Nyasi Ziko, Ng'ombe Anakonda
Mhadhara kwa wafugaji wa Malindi, mwanzoni mwa kaskazi

Asalaam aleikum. Na ndugu zangu Wakristo, hamjambo? Wazee wangu mliotoka Chakama na Langobaya alfajiri, mama zangu wa Magarini, na wageni wetu waliokuja kutoka Witu, karibuni sana. Najua kila mmoja wenu ameacha mifugo mikononi mwa mtu mwingine ili awe hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Naanza na swali nililoulizwa na mzee mmoja wa pande za Adu, miaka mingi nyuma, nikiwa afisa mifugo kijana. Ilikuwa Februari. Tumesimama kwenye malisho yake, nyasi zinatufika magotini, zimekuwa njano kwa upepo wa kaskazi. Maksai wake wamesimama humo humo ndani ya nyasi, mbavu zinahesabika. Akaniambia, "Mwanangu, chakula ndicho hiki, hakijaisha. Mbona wanakonda?"

Sikuwa na jibu, lakini niliona haya kusema sina. Nikamwambia awape makopa ya muhogo, maana muhogo alikuwa nao. Akawapa kwa moyo wote. Wale maksai wakala makopa, nyasi wakazidi kuziacha, na masika yalipoingia walikuwa mifupa na ngozi. Mmoja hakuyaona masika. Lile swali nimetembea nalo tangu siku ile, na leo nataka tulijibu pamoja.

Ng'ombe hana uwezo wa kuyeyusha nyasi yeye mwenyewe. Hana, kama sisi tusivyokuwa nao. Nyasi humeng'enywa na vijidudu wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa, ambalo kwa ng'ombe mzima hubeba lita 100 na zaidi. Humo mna bakteria wasiohesabika. Wao ndio wanaozivunja nyuzi za nyasi, na yale wanayoyatoa ndiyo nguvu ya ng'ombe. Kisha wao wenyewe husukumwa na chakula hadi matumbo yanayofuata, wakafa, wakameng'enywa, na miili yao ikawa nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji anayelisha ng'ombe anafuga makundi mawili: moja analiona, jingine halioni.

Mama zangu mnaokanda mahamri mtanielewa upesi. Unga unao, sukari unayo, tui unalo. Lakini kama hamira imekufa, lile donge litalala kwenye sinia mpaka asubuhi, halifuri. Nyasi ya Februari ni unga. Wale bakteria ndio hamira. Na hamira hii haifanyi kazi bila kirutubisho kiitwacho naitrojeni, ambacho hukipata hasa kwenye protini ya chakula.

Nyasi changa ya masika, wiki tatu baada ya mvua, ina protini asilimia 10, 12, hata 14 kwa uzani mkavu. Ikishatoa mbegu na kukauka, hushuka hadi asilimia 5, 4, hata 3. Na kuna mpaka ambao watu wa elimu hii wameuona kwa ng'ombe wa nchi nyingi za joto: asilimia 7. Chakula kikishuka chini ya hapo, bakteria hupungua, na kazi ya kuvunja nyuzi hupoa. Nyasi hukaa tumboni siku nyingi. Na tumbo likiwa bado limejaa, ng'ombe hali tena. Ndiyo maana mnamwona amesimama katikati ya nyasi, hazitaki. Hajashiba, jamani. Tumbo limeziba, mwili una njaa.

Sasa tazameni kosa langu la makopa. Muhogo uliokauka ni wanga mtupu, protini yake ni asilimia 2 au 3 tu. Wanga huchacha haraka tumboni, na bakteria wanaoula huinyang'anya ile naitrojeni kidogo iliyokuwako. Wale wa kuvunja nyasi wakabaki mikono mitupu. Nilidhani naongeza chakula, kumbe nilizifunga hata zile nyasi alizokuwa akila. Na linaloniuma zaidi ni hili: mizizi tuliwapa, majani tukayaacha yakauke shambani. Majani ya muhogo yana protini asilimia 20 na zaidi! Dawa ilikuwa inatikiswa na upepo hatua hamsini kutoka zizini. Yakatwe tu vipande, yaanikwe juani siku mbili tatu mpaka yakauke ili sumu yake ipungue, halafu walishwe kidogo kidogo.

Naam, mzee, nimekuona. Unauliza, kiasi gani? Hapo ndipo penyewe, tufanye hesabu.

Chukueni maksai wa kilo 200. Akila vizuri hula kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 5 za nyasi kavu. Nyasi hiyo ikiwa na protini asilimia 4, amepata gramu 200. Ili afike ile asilimia 7, alihitaji gramu 350. Pengo ni gramu 150. Mashudu ya pamba ya wastani, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta, yana protini kama asilimia 30. Basi nusu kilo ya mashudu ina gramu 150. Nusu kilo! Kwa nusu kilo hiyo, kilo 5 za nyasi zinapata kufanya kazi. Hakuna chakula kingine mtakachomnunulia ng'ombe kiangazi kikawarudishia namna hiyo, kwa sababu hamnunui chakula, mnafungua kile ambacho Mungu ameshawapa bure.

Lakini nisiwadanganye. Nusu kilo ni ya kumzuia asikonde, pengine aongezeke kidogo. Ukitaka akue kweli, ndama aliyeachishwa au mtamba unayetaka apandwe mapema, nenda kilo moja, na hata hapo usitegemee atanenepa kama wa Juni. Nyasi za masika hazina mpinzani.

Na ukiwa kwenye masika yenyewe, funga mfuko. Nimeona watu wanamwaga mashudu Mei, nyasi mbichi hadi kiunoni, kwa kuwa wana pesa za mavuno. Protini iliyozidi ng'ombe huikojoa.

Mtajuaje kwamba wakati umefika? Msisubiri mbavu. Mbavu zikionekana mmeshachelewa miezi miwili, na kumrudisha ng'ombe aliyekonda ni ghali kuliko kumzuia asikonde. Tazameni mavi. Samahani kwa mliokunywa chai sasa hivi, lakini hii ndiyo maabara yetu. Mavi ya ng'ombe anayepata protini ya kutosha huanguka yakatandazika kama chapati nene. Protini ikipungua, yanakuwa makavu, magumu, yamepandana tabaka juu ya tabaka kama kichuguu, na nyuzi za nyasi unaziona nzima nzima. Ukiona hivyo Desemba, huku ng'ombe bado wana mwili, hapo ndipo pa kuanza.

Basi tutapata wapi? Pwani yetu haina umaskini wa protini, tuna uzembe wa kuikusanya. Ndugu zetu wa Mpeketoni wanalima pamba na ufuta. Mashudu ya ufuta yakikamuliwa vizuri hufika asilimia 40 na kupita. Ya nazi ni kama 20. Ya alizeti, inategemea maganda yamebaki kiasi gani. Mbegu nzima za pamba pia hulika, protini kama 20, ila zina mafuta mengi, usizidishe. Na ndama wadogo ambao bado wananyonya msiwape vitu vya pamba, kwa kuwa pamba ina sumu ambayo tumbo la ng'ombe mkubwa huimudu na la ndama haliimudu.

Mama mmoja pale nyuma amenyanyua mkono. Machicha ya nazi? Ahsante kwa kuuliza, maana wengi huchanganya. Machicha tunayobaki nayo jikoni baada ya kukamua tui si mashudu. Yamejaa nyuzi na mafuta, protini ni kidogo, na kwa joto letu huchacha haraka. Wape kuku. Mashudu ya nazi ni yale ya kinu cha mafuta, yaliyotokana na mbata, yaani nazi iliyokaushwa.

Msinunue kwa bei ya mfuko. Nunueni kwa bei ya protini. Tuseme mfuko wa kilo 50 wa mashudu yenye asilimia 20 unauzwa shilingi 2,000. Ndani mna kilo 10 za protini, kila moja shilingi 200. Mwingine wenye asilimia 40 unauzwa 3,000. Ndani mna kilo 20, kila moja shilingi 150. Ule ulioonekana ghali ndio rahisi. Mwulizeni muuzaji asilimia, na asiyejua anachouza, muacheni. Tena ufungueni mfuko, mnuse, mtie mkono hadi chini. Unyevu wa pwani huleta kuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho kila mara. Ukihisi joto au harufu ya uvundo, usichukue hata ukipewa bure. Nyumbani wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta.

Ambao hawana pesa kabisa, na najua tuko wengi, pandeni. Lukina na mgliricidia, miti ya majani ya kulisha mifugo, hukua hapa vizuri, na majani yake yana protini kati ya 20 na 25. Mgliricidia una harufu, ng'ombe atakataa siku za kwanza, mwanikie majani yanyauke kidogo. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula, ina kitu kinachonyonyoa manyoya ikizidi. Mkivuna kunde na pojo, yale majani na mabua msiyachome moto. Yachukueni yakiwa bado na ubichi, yaanikeni kivulini, yafungeni, yatawafaa Februari. Na maganda ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa upande wa Tana River, yakisagwa ni chakula. Lakini lazima yasagwe, la sivyo mbegu zitapita nzima kwenye mavi, na mwakani malisho yako yatakuwa miiba.

Nije kwenye yurea, ile ya mbolea. Nitasema kwa uzito. Yurea si protini, ni naitrojeni tupu, na bakteria huweza kuitumia. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana inaua. Nilifika kwenye zizi moja ambako kijana alikuwa ameona wenzake wakichanganya, naye akamimina yurea kwenye hori la maji. Ng'ombe walikuwa na kiu. Nilikuta wanne wamelala, matumbo yamevimba, mapovu mdomoni, na mwenye mali amekaa chini hasemi. Tulinywesha siki na maji baridi, tukaokoa mmoja. Kiwango cha mwisho kabisa ni gramu 30 kwa kila kilo 100 za uzito kwa siku, kufikiwa pole pole kwa wiki mbili tatu, ikichanganywa sawasawa na chakula chenye wanga au molasi. Haitiwi majini kamwe, hapewi ndama aliye chini ya miezi 6, wala ng'ombe aliyeshinda na njaa. Kama huna mizani, usiiguse. Mashudu hayana hatari hiyo, tena sehemu ya protini yake hupita bila kuguswa na bakteria ikamfikia ng'ombe moja kwa moja, jambo ambalo mnyama anayekua analihitaji sana na yurea haiwezi kulifanya.

Swali la kijana wa Gongoni ni zuri: lazima kila siku? Hapana, na hili huwashangaza watu. Mwili wa ng'ombe huirudisha naitrojeni tumboni kupitia damu na mate. Kwa hiyo ile nusu kilo ya kila siku, yaani kilo tatu na nusu kwa wiki, unaweza kuigawa mara tatu, kilo moja na kidogo kila mara. Kwa wenye malisho ya mbali hiyo ni kazi iliyopunguka zaidi ya nusu. Ila yurea haimo katika ruhusa hii.

Na msigawie kundi zima sawasawa. Ng'ombe mkubwa mwenye pembe atawafukuza wadogo wote, atakula cha watano. Tengenezeni kizizi chenye mlango mwembamba, wapite wale wa umri wa miezi 8 hadi miaka 2. Hao ndio wanaojenga mifupa na misuli. Ng'ombe mzee asiyenyonyesha atavumilia mpaka masika.

Yapo yasiyotibika kwa mashudu. Minyoo, kupe, ugonjwa wa ndorobo kwa nyinyi mnaopakana na misitu ya Lamu: muoneni daktari wa mifugo kwanza. Maji yasiwe mbali. Chumvi iwepo. Na kubwa kuliko yote, nyasi lazima ziwepo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilitukatalia misimu mitano mfululizo. Mlipoteza mali, na wengine hamjainuka hadi leo. Wakati ule mashudu yasingetosha, kwa sababu hapakuwa na cha kufungua. Ndiyo maana nawasihi kila mwaka tengeni kipande cha malisho kuanzia Juni, mkifunge, kisichungwe hata kidogo hadi Januari. Nyasi kavu iliyosimama, mliyoidharau, pamoja na kopo la mashudu, ni akiba.

Nimesema vya kutosha. Chini ya mwembe pale nje wamefungwa maksai wawili wa umri mmoja, mmoja amekula mashudu tangu Novemba, mwingine nyasi tu. Sitawaambia yupi ni yupi. Utepe wa kupimia kifua uko kwa huyu kijana wangu. Twendeni, na kabla ya kumgusa mnyama, tazameni kwanza chini, nyuma yake.