Mgongo wa Lillard, Beseni la Shangazi

ATIENO: Karibu tena, msikilizaji. Tuko Kisumu na mvua inagonga mabati, kwa hivyo ukisikia kelele usilaumu mitambo. Mimi ni Atieno.

WAFULA: Na mimi Wafula. Mgongo unaniuma tangu nishuke matatu ya Bungoma. Ile siti ya nyuma, jamani!

ATIENO: Pole, ndugu yangu. Basi mada ni yako leo. Kiropraktiki, hawa wanaotibu mgongo na shingo kwa mikono. Nani anapata kuisomea, na nani anahudumiwa kama mtu?

WAFULA: Tuanze na mgonjwa wa kwanza. Septemba 1895, mji wa Davenport, Iowa, kule Marekani. D.D. Palmer, mwanzilishi wa kiropraktiki, anamshika mgongo Harvey Lillard, Mweusi aliyekuwa akisafisha jengo lile. Palmer alidai jamaa alikuwa na uziwi wa miaka 17, pingili moja ikasukumwa ikarudi mahali pake, akasikia.

ATIENO: Hapo kwa masikio nina shaka. Mshipa wa fahamu wa sikio unatoka kwenye ubongo, haupitii mgongoni.

WAFULA: Hata mimi nashuku. Lakini ngoja. Shule ya Palmer ikaja kuwafungia Weusi mlango mpaka miaka ya 1950. Taaluma imeanzia mgongoni mwa Mweusi, halafu dawati anyimwe!

ATIENO: Yaani mgongo wake sawa, makalio yake hapana.

WAFULA: (anacheka) Umesema wewe.

ATIENO: Na sisi huku? Kijana wa Siaya akitaka kuisomea Afrika hii, aende Durban au Johannesburg. Karo, nyumba, viza. Ni mtoto wa nani huyo?

WAFULA: Si wa mama mboga. Na akirudi na deni, hafungui chumba cha tiba mji mdogo kama Ahero.

ATIENO: Sasa nikuambie ya shangazi. Anauza omena Dunga. Nilimpeleka kliniki moja ya kiropraktiki, siitaji jina. Akapewa fomu ya Kiingereza, nikawa namsomea. "Unakaa mbele ya kompyuta saa ngapi kwa siku?" "Kiti chako kina egemeo?" Akanigeukia: "Nyathina, mwanangu, hawa wanamuuliza nani?"

WAFULA: Woi!

ATIENO: Mwanamke anainama tangu alfajiri kuanika omena kwenye neti, kugeuza, kuzoa, kujitwika. Hakuna aliyeuliza. Halafu kijana wa rika la mwanawe akamwambia avue, avae gauni lililo wazi nyuma. Shangazi akashika leso yake kwa mikono miwili, akaomba twende nyumbani.

WAFULA: Kosa si kuwa kijana. Angeuliza tu, "Mama, ungependa uhudumiwe na mwanamke?"

ATIENO: Au ambonyeze leso ikiwa mwilini. Kuna ubaya gani?

WAFULA: Unajua, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Tiba ya mikono imo kati ya zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Sasa utamwelimisha shangazi kwa Kiingereza?

ATIENO: Ndiyo maana nasema somo la lugha na adabu liwe na mtihani, kama somo la mifupa. Na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu je?

WAFULA: Hapo mimi ni mgumu kidogo. Kazi ni ya mikono na nguvu, mtihani usilegezwe.

ATIENO: Nani kasema ulegezwe? Meza ishuke, basi. Wewe mwenyewe mfupi, utaitaka hiyo meza.

WAFULA: Tuachane na urefu wangu. Shangazi aliponea wapi?

ATIENO: Hajapona, ila anainama vizuri. Hospitali ya serikali, dada wa fiziotherapia akamuuliza kwa Kijaluo: "Beseni lako linabeba gorogoro ngapi?" Akamwambia siku nyingine aje nalo, aone anavyoliinua.

WAFULA: Akaenda nalo?

ATIENO: Bila kuliosha. Benchi zima lilihama.