Mshtuko wa Sumu ya Bakteria: Kuutambua, Kuutibu na Kuuzuia

Mhadhara kwa wahudumu wa afya wa vijiji, Bombo, wilaya ya Luwero

Waheshimiwa wazee, wauguzi wenzangu, mama zangu na ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mshtuko wa sumu ya bakteria, ugonjwa ambao wengi wetu hatujauona, au pengine tumeuona tukauita malaria.

Unasababishwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye watu wengi huishi naye puani au kwenye ngozi bila kudhurika, na mara nyingine na streptokokasi. Hatari kubwa imo katika sumu anayoitoa, kwani huziamsha chembe za kinga kupita kiasi kwa wakati mmoja, mishipa ya damu ikaanza kuvuja, presha ikashuka, na figo, ini na viungo vingine vikakosa damu ya kutosha. Haya yote yaweza kutokea kati ya asubuhi na jioni.

Mwaka 1978 daktari James Todd na wenzake huko Denver, Marekani, waliueleza ugonjwa huu kwa watoto 7, wavulana kwa wasichana. Mwaka 1980 uliwapata wanawake wengi nchini humo, ukahusishwa na tamponi, yaani vifungu vya pamba vinavyowekwa ukeni wakati wa hedhi, hasa zile zinazonyonya damu nyingi mno, na tangu hapo watu hudhani ni ugonjwa wa tamponi tu. Kwetu Uganda, ambako wanawake wengi hutumia pedi au vitambaa, dhana hiyo inatupotosha vibaya. Sumu yaweza kuanzia kwenye kidonda cha ajali ya boda boda, mtoto aliyeungua kwa uji, mshono wa upasuaji wa kujifungua, au pamba iliyowekwa puani kuzuia damu ikasahaulika. Kidonda chenyewe huenda kikaonekana kidogo tu, hata kisitoe usaha.

Mgonjwa hupata homa kali ya ghafla, nyuzi 38.9 au zaidi, hutapika au kuharisha, misuli humuuma, na akisimama huona kizunguzungu. Vitabu husema ngozi yake huwa nyekundu kana kwamba imeunguzwa na jua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, kwa hiyo mpelekeni mgonjwa penye mwanga, mtazame macho, midomo, ulimi na viganja. Kisha mbonyezeni ukucha wa kidole mpaka upauke, mkauachie: damu ikikawia kurudi zaidi ya sekunde 3, mzunguko wake umeanza kushindwa. Ngozi ya viganja na nyayo hubanduka baada ya wiki moja au mbili, na anayengojea dalili hiyo amechelewa sana.

Nawasihi jambo moja hasa. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, msiridhike hapo, kwa sababu katika maeneo yetu mtu aweza kuwa na vimelea huku anayemuua ni mwingine. Muulizeni kama ana kidonda, kama amejifungua karibuni, na, kwa heshima na faraghani, kama yumo hedhini na anatumia nini.

Kama ni tamponi au kikombe cha hedhi, yaani kikombe kidogo laini kinachowekwa ukeni kukinga damu, kitolewe mara moja, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja vidonge vifanye kazi. Huko kidonda husafishwa na usaha kutolewa, na dawa hupitishwa kwenye mshipa: klindamaisini, inayomzuia bakteria kutengeneza sumu, pamoja na dawa ya kumuua, kama kloksasilini. Dripu ni ya lazima presha inaposhuka, lakini kwa watoto ipimwe kwa uangalifu mkubwa. Utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji kwa haraka watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko kuliongeza vifo.

Kuhusu kinga, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, wala kisipakwe majivu au samadi. Anayetumia tamponi achague inayonyonya kiasi kidogo kinachomtosha, anawe mikono kabla ya kuiweka, na aibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 8. Kikombe cha hedhi kichemshwe kabla ya kila mwezi wa matumizi. Wasichana waelezwe haya shuleni na mwalimu mlezi wa kike, maana vijana wengi bado hawana kinga dhidi ya sumu hii.

Aliyepona aweza kuugua tena. Kwa hiyo asitumie tena tamponi wala kikombe, na jina la ugonjwa liandikwe wazi kwenye daftari lake la matibabu, ili muuguzi wa zamu atakayempokea na homa nyingine alione kabla ya kumpima malaria.