Eti nimekuja Ujerumani kusomea hamira?

Haya jamani mambo vipi. Kila nikiposti swali ni lile lile, "dada umeacha watoto umeenda Ulaya kusomea hamira?" Ndiyo, hamira, ile ile ya maandazi. Siringi, wala silalamiki, ila najua kuna mtu keshaanza kuandika.

Iko hivi, seli ya hamira ikishiba inachipua mtoto ubavuni, kama dakika 90 hivi washaachana. Mimi nazipiga mwanga wa UV kidogo tu (ule wa jua unaounguza ngozi), DNA, yaani maelekezo ya seli yaliyoandikwa kwa herufi zake, inaumia, naziangalia kwenye hadubini. Zinasimama! Mtoto ananenepa mpaka anataka kulingana na mama ila hawaachani, utadhani maandazi mawili yamegandana kwenye karai. Ukiona utasema mbegu imebadilika, kumbe inajitengeneza tu, ikimaliza wanaachana na umbo linarudi, na nyingi ukisoma DNA yake herufi ni zile zile. Breki hiyo ya kuzisimamisha ina jeni (kipande cha DNA) inaitwa RAD9, ukiitoa seli haisubiri, inagawanyika na majeraha yake na nyingi zinakufa. Watafiti Weinert na Hartwell walilionyesha hilo 1988, Hartwell akaja kupata Nobel 2001, kwa hamira hiyo hiyo mnayoicheka, maana na sisi tuna breki za hivyo, zikifeli ndo mwanzo wa kansa.

Sasa hela. Kupata viza nilionyesha euro 11,904, zinafungiwa benki unatoa 992 kwa mwezi, humo humo kodi ya chumba na bima. Mjomba kaenda kutangaza ukweni kwamba nina mamilioni, wakati nusu yake ni mkopo wa kikoba cha mama!

Na kibali cha kuishi huku kimeisha toka mwezi wa pili, naambiwa subiri. Juzi nikaitwa ghafla kwenye ofisi ya vibali, nikakimbia, sahani yenye hamira niliyoipiga UV nikaiacha dirishani. Hamira ina enzaimu inayotumia mwanga wa kawaida kuachanisha herufi zilizogandishwa na UV, ndo maana tunazifunika gizani. Narudi, zimepona zote, zinachipua kama hazijaguswa, msimamizi ananiangalia kama nimedanganya. (Binadamu hatuna hiyo enzaimu, usiende kujianika Coco Beach useme dada kasema.)

Kwa hiyo uje au usije mimi sijui, ya kwangu ni ya kwangu, mwenzangu kapata kibali wiki mbili tu. Mimi huko nilikokimbilia wakaniambia picha ya pasipoti imepitwa, nirudi Alhamisi.